Microsoft Defender kwenye kompyuta ya nyumbani: mlinzi mzuri, mtiifu kupita kiasi

Kompyuta yetu ya nyumbani ni ya mezani, mtumba, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 4, na tuliinunua Dar es Salaam ikiwa imeshawekewa Windows 10. Mimi huitumia kutunga mitihani ya shule ya sekondari ninayofundisha hapa Morogoro, mke wangu huwekea hesabu za kikoba chao, na watoto huifanyia mazoezi ya shule na, wakiachiwa, michezo. Kwa miezi 18 ulinzi wake umekuwa Microsoft Defender peke yake, ile antivairasi inayokuja ndani ya Windows bila malipo. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka asisumbuke: kwa nyumba kama yetu inatosha, na sioni sababu ya kununua nyingine, lakini inamtii mno yeyote anayekaa mbele ya kompyuta, na hapo ndipo sisi tulipoumia.

Wapo wengi wanaoidharau, na dharau hiyo ina asili yake. Programu hii ilianzia kwenye kampuni ndogo iliyoitwa GIANT, ambayo Microsoft iliinunua Desemba 2004, na ilipotolewa rasmi mwaka 2006 kwa jina la Windows Defender ilikuwa inapambana na programu za ujasusi tu, si virusi. Mwenye Windows Vista au Windows 7 alilazimika kutafuta antivairasi ya pembeni, na mafundi waliojifunza kazi miaka ile bado wanatoa ushauri uleule. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 Defender inashughulikia vyote viwili, na katika vipimo vya maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, ambayo alama zake za juu kabisa ni 18, kwa miaka kadhaa imekuwa ikikaa safu moja na zile za kulipia.

Kwetu dalili zilianza taratibu. Bando la wiki likawa linaisha siku ya tatu ilhali hakuna aliyekuwa akitazama video. Kivinjari kikawa kinafungua ukurasa wa kutafutia ambao hakuna aliyeuchagua, na nikirudisha ule wa zamani, kesho yake naukuta umebadilika tena. Feni ilikuwa ikivuma hata kompyuta ikiwa imeachwa bila kazi, lakini kila nilipofungua Task Manager ili nione ni programu gani inayokula prosesa, mvumo ulitulia ndani ya sekunde chache. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha, kwa sababu programu zinazochimba sarafu za kidijitali kwa umeme wa watu wengine zina tabia hiyo hasa: hujinyamazisha mara tu Task Manager inapofunguliwa. Nikaenda kwenye Windows Security, dirisha ambamo Defender huonyesha hali ya ulinzi, nikakuta tiki ya kijani na maelezo kwamba hakuna hatua inayohitajika.

Tiki ile ilikuwa na maana moja tu, kwamba Defender imewashwa. Ndani ya mipangilio yake, chini kabisa ambako watu wengi hawashuki, kuna orodha iitwayo "Exclusions", yaani vitu ambavyo Defender imeagizwa isivikague. Katika orodha yetu kulikuwa na mstari mmoja: C:\. Diski yote yenye Windows, programu na mafaili yetu ilikuwa imesamehewa ukaguzi, na juu yake ile tiki ya kijani ikaendelea kuwaka miezi yote hiyo.

Nilimpigia simu fundi aliyetuwekea Windows, naye hakuficha. "Mwalimu, hiyo Defender ni msumbufu, inafuta vifaa vyetu vya kazi. Nisingeifumba macho, Windows yako isingekubali." Alikuwa anazungumzia kifaa cha kukraki leseni, yaani programu ya kuifanya Windows ikubali bila leseni ya kununua, ambacho Defender hukitambua kwa jina la HackTool:Win32/AutoKMS. Kusema haki, kifaa cha namna hiyo chenyewe si lazima kiwe kirusi. Tabu ni kwamba hupakuliwa kutoka tovuti ambazo mwenyewe hajulikani, mara nyingi kikiwa kimefungashwa pamoja na vitu vingine, na kila anayekitumia huanza kwa kumwondoa mlinzi langoni. Ningeshauri anayenunua kompyuta ya mtumba asiulize kama ina antivairasi. Afungue orodha hiyo akiwa bado dukani, na akikuta chochote ndani yake, aulize kimewekwa na nani na kwa nini.

Nilifuta mstari ule, kisha nikaanzisha skani ya nje ya Windows, ile inayoizima na kuiwasha kompyuta upya na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, kazi inayochukua kama dakika 15. Ilikamata programu mbili zenye majina yanayoanza na "Trojan:". Majina hayo yanafaa kujifunza kuyasoma, kwa kuwa neno la kwanza linakueleza ulivyoingiliwa: "Trojan:" ni programu iliyojifanya kitu kingine ili uifungue kwa mkono wako, "Worm:" hujisambaza yenyewe, na "PUA:" ni kile kikorokoro kilichopandia mgongoni mwa programu uliyoitaka, kama vile kibadilisha ukurasa wa kutafutia. Hata hivyo, kompyuta iliyokaa miezi kadhaa bila ulinzi siwezi kuiamini kwa kusafishwa tu. Nilibadilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya benki nikitumia simu, kwa sababu kuyabadilisha kwenye kompyuta ileile ni kumsomea jasusi neno jipya. Nikanakili kazi zangu, nikafuta diski yote na kuweka Windows upya kwa leseni ya kununua. Gharama ya leseni iliniuma, lakini tangu siku hiyo Defender imefanya kazi kama ilivyokusudiwa, na tathmini ya kweli inaanzia hapo.

Kwanza niliipima. Watengenezaji wa antivairasi wana maandishi ya majaribio waliyokubaliana, yanayojulikana kwa jina la EICAR, yenye herufi na alama 68 tu, ambayo hayana madhara yoyote lakini kila antivairasi iliyo macho hutakiwa kuyakamata kana kwamba ni kirusi. Niliyabandika kwenye Notepad na kuyahifadhi kwenye eneo-kazi. Kabla sijaufunga ukurasa, tangazo lilichomoza pembeni mwa kioo, na nilipolitafuta faili halikuwapo. Laiti ningelijua jaribio hili siku tulipoileta kompyuta nyumbani, kwa kuwa kwa ule mstari wa C:\ faili lingekaa palepale bila kuguswa, nami ningejua mapema kwamba mlinzi amefungwa kitambaa usoni.

Mtihani wake halisi umekuwa flashi. Mwalimu hana namna ya kuikwepa: mtihani unatungwa nyumbani, unapelekwa kuchapwa steshenari, na kompyuta ya steshenari imeshapokea flashi za mtaa mzima kabla ya yako. Siku moja niliirudisha flashi nyumbani, nikaona folda yangu ya "Kidato cha Pili" iko mahali pake, ila kwenye kona ya picha yake kulikuwa na kishale kidogo kilichopinda. Kishale hicho maana yake ni kwamba unachokiona ni njia ya mkato, si folda. Folda yenyewe imefichwa, na njia ya mkato imepewa jina lake na sura yake; ukiibofya, kwanza inaendesha kirusi, kisha inakufungulia folda ya kweli ili usishtuke. Kwa kuwa mafaili yako unayaona yote, unaendelea na kazi ukidhani mambo ni salama. Defender iliizuia na kuiandika kwa jina la Worm:VBS/Jenxcus. Huyu ni mkongwe ambaye Microsoft ilimfungulia hata kesi mahakamani huko Marekani mwaka 2014, na wengi humwita kirusi cha shotikati wakidhani kazi yake ni kuficha folda tu, kumbe humfungulia mtu wa mbali mlango wa kuitawala kompyuta na kuchukua yaliyomo. Kuficha folda ni njia yake ya kusafiri.

Defender humfuta kirusi, lakini folda zilizofichwa haizirudishi, na hapo ndipo watu hudhani kazi yao imepotea na kuiformati flashi kwa hasira. Kazi ipo. Kama flashi imesomeka kwa herufi E, amri ya attrib -h -r -s /s /d E:\*.* kwenye dirisha la amri huzidhihirisha zote. Siku hizi kabla ya kufungua flashi yoyote nabofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua iskaniwe na Defender, kisha nasubiri. Watoto nao wamefundishwa hivyo, pamoja na kuwasha mpangilio unaoonyesha viishilizi vya majina ya mafaili, ili picha iitwayo "harusi.jpg" isije ikawa kumbe ni "harusi.jpg.exe", yaani programu.

Udhaifu wake upo, na mwingine unatugusa sisi wa bando kuliko wenye intaneti ya kudumu. Sehemu kubwa ya akili ya Defender iko kwenye seva za Microsoft. Kompyuta ikiwa haina mtandao, uwezo wake wa kutambua kirusi kigeni hushuka waziwazi, na flashi za steshenari hazingoji uwe umenunua bando. Kwa hiyo mimi hufungua intaneti ya simu kwanza, nikaruhusu masasisho yaingie, ndipo nikachomeka. Aliyekaa wiki nyingi bila mtandao anaweza kupakua kifurushi kizima cha masasisho kwenye tovuti ya Microsoft kupitia kompyuta nyingine iliyo salama, ila ajue kwamba kinazidi MB 100. Pia, kwa kompyuta yenye diski ya kuzunguka, skani kamili ni mzigo, kwa hiyo ianzishwe watu wakienda kulala.

Kasoro ninayoilaumu zaidi ni kwamba ulinzi mmoja mzuri huja ukiwa umezimwa. Ni ule unaozuia programu isiyojulikana kubadilisha mafaili yaliyomo kwenye folda za nyaraka na picha, ulioongezwa kwenye Windows 10 mwaka 2017 kwa ajili ya programu zinazofunga mafaili ya watu na kudai kikombozi. Ukiuwasha utapata usumbufu wa siku za mwanzo, maana hata programu halali itazuiwa kuhifadhi mpaka uiruhusu, lakini mwenye hesabu za kikoba kwenye kompyuta yake aukubali usumbufu huo. Vilevile niliwapa watoto akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya msimamizi, na ule mtindo wa kusakinisha kila mchezo ukafa siku hiyohiyo, kwa malalamiko.

Kuna jambo moja ambalo watu huilaumu Defender bure. Mke wangu alianza kuona matangazo mekundu kwenye kona ya kioo yakisema kompyuta ina virusi vitano na alipie haraka. Skani haikupata kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu: tovuti fulani iliwahi kumwomba ruhusa ya kumtumia arifa, akabofya kukubali ili aendelee kusoma, na tangu hapo ikawa inamtisha kupitia kivinjari. Tuliingia kwenye mipangilio ya kivinjari, tukaondoa ruhusa ya tovuti ile, na virusi vyote vitano vikapona.

Kuhusu kuongeza antivairasi ya pili, sishauri zikae mbili zinazolinda muda wote, na kwa kawaida Defender yenyewe hujitoa ukisakinisha nyingine. Kwa jicho la pili natumia Malwarebytes ya bure, ambayo baada ya siku 14 za majaribio hubaki kuskani pale tu unapoiagiza. Naiendesha mara moja kwa mwezi.

Tatizo lililobaki ni umri wa Windows yenyewe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yetu ya kizazi cha 4 haikubaliki rasmi kwenye Windows 11, inayotaka za Intel kuanzia kizazi cha 8. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender ya Windows 10 masasisho hadi Oktoba 2028, na wengine wanaona hilo linatosha. Mimi sikubali, kwa sababu antivairasi haizibi matundu ya Windows. WannaCry ya tarehe 12 Mei 2017, mojawapo ya zile programu za kudai kikombozi, ilipita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo, na walioumia zaidi ni wale ambao hawakukiweka. Tumejiandikisha kwenye masasisho ya nyongeza ya mwaka mmoja, na tunadunduliza kununua kompyuta nyingine.

Mwezi uliopita flashi ilirudi tena na kishale kilekile, nikaona aibu kumficha mama wa steshenari. Akanikaribisha nyuma ya meza, "Njoo Mwalimu, niangalizie, maana na mimi naambiwa na wateja." Tiki yake ilikuwa ya kijani. Nilishuka mpaka kwenye orodha ya "Exclusions", na ndani yake kulikuwa na mistari mitatu: C:\, D:\ na E:\.