Seti ya kutengenezea rangi nyumbani: mkubwa ameifaidi, mdogo bado

Seti hii niliinunua kwa ajili ya watoto wangu wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa miaka mitatu, kwa sababu nilitaka waione rangi ikipatikana kwa mikono yao wenyewe badala ya kuikuta tayari chupani. Ndani ya kisanduku mna pakiti tatu za unga, yaani ngeu (udongo mwekundu wa kutengenezea rangi), mkaa uliosagwa na manjano (kiungo cha mchuzi), pamoja na vipande vya gundi ya mgunga, vikombe vinne vidogo, brashi mbili na kijitabu cha maelekezo. Baada ya kuitumia kwa mwezi mmoja, nasema bila kusita kwamba inamfaa sana mtoto wa miaka sita na haimfai mdogo wake.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haimfichi mtoto siri ya rangi, ambayo ni unga ulioshikwa na kitu cha kunata. Kijitabu kinamtaka kwanza achanganye ngeu na maji matupu, apake karatasini, asubiri pakauke, kisha apitishe kidole juu yake, na hapo kidole hujaa vumbi jekundu. Halafu anaongeza gundi iliyoloweka hadi ikayeyuka, anapaka upya, na safari hii kidole hutoka kisafi. Mwanangu alirudia jaribio hilo mara tatu bila kuambiwa na mtu. Nilipomweleza kwamba katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yalipatikana makombe ya konokono wa baharini yaliyotumika kuchanganyia ngeu, mkaa na mifupa iliyopondwa miaka ipatayo 100,000 iliyopita, alikitazama kikombe chake kwa muda mrefu, kisha akaomba ngeu zaidi. Bahati mbaya ilikuwa imekwisha. Pakiti ni ndogo mno kwa bei yake.

Manjano yanahitaji maelezo ambayo kijitabu hakina. Rangi yake inang'aa kuliko zote tatu, lakini huchujuka upesi kwenye mwanga, na picha tuliyoitundika karibu na dirisha ilififia huku michoro ya ngeu na mkaa ikibaki vilevile. Tena, manjano yakiguswa na sabuni hugeuka mekundu, jambo ambalo kila aliyewahi kufua nguo yenye doa la mchuzi amelishuhudia. Waandishi wa kijitabu wangeweza kuligeuza kuwa somo zuri kuliko yote: mtoto apake karatasi nzima kwa manjano, aiache ikauke, kisha achore juu yake kwa brashi iliyochovywa katika maji ya sabuni ya kufulia. Sisi tulifanya hivyo, na watoto wote wawili walishangilia.

Kasoro ninayoilalamikia kwa dhati ni ufungashaji. Pakiti ni nyembamba na hupasuka ghafla zinapochanwa, hata vumbi la mkaa likaruka hadi usoni mwa mtoto, ilhali vumbi laini kama hilo halifai kuvutwa puani. Ni lazima mtu mzima azifungue mwenyewe na kuumimina unga taratibu ndani ya kikombe ambacho tayari kina maji. Vipande vya gundi navyo vina ukubwa wa punje za mahindi, na mtoto wa miaka mitatu huvipeleka mdomoni kabla hujageuka.

Kwa huyo mdogo nimerudi jikoni. Nakoroga kikombe kimoja cha wanga wa mahindi katika vikombe vinne vya maji baridi, kwa kuwa maji ya moto yangeufanya uwe na madonge, kisha naubandika motoni huku nikikoroga mpaka uwe mzito kama uji. Ukishapoa kabisa naugawa na kuutia rangi ya chakula. Naupendelea kuliko rangi ya unga wa ngano usiopikwa, kwani unga mbichi unaweza kuwa na vijidudu, na mtoto wa umri huo hakosi kulamba vidole. Hukaa siku chache tu kwenye jokofu, na ukianza kunuka naumwaga.

Seti nitainunua tena mdogo atakapotimiza miaka mitano, na pakiti zote nitazifungua kabla hawajaketi mezani.