VirtualBox kwenye laptopu ya mtumba RAM 8: inapiga kazi, ila achana na Ubuntu ya desktopu

Wakuu, mambo ya VM (kompyuta ya kuigiza inayowaka ndani ya kompyuta yako, VirtualBox ndo programu ya kuiendesha) nilikuwa nayaogopa muda mrefu, nilijua ni ya watu wenye mashine za bei mbaya. Mimi natumia HP ya mtumba, i5, RAM 8, Windows 10, nipo zangu Ng'ong'ona huku jirani na UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kilichonilazimisha ni kazi, programu yangu ya wavuti ya Django (ya Python) kwangu inakubali vizuri, ukiipandisha kwenye seva ya mteja ambayo ni Ubuntu (aina ya Linux, si Windows) inagoma, nikasema basi ngoja niwe na Ubuntu yangu humu humu ndani ya Windows.

Kuinstoli VirtualBox ni bure na ni neksti neksti tu (Extension Pack ndo ina leseni yake, kama ni ya ofisini isome kwanza). Balaa likaja nilipobonyeza Start, meseji inasema VT-x (uwezo wa prosesa kuendesha VM) imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka). Jioni nzima nimefuta nimeweka upya, kumbe programu haina kosa lolote, ni laptopu ilikuja hivyo. Zima, washa huku unagonga F10, hiyo ni kwa HP, ingia System Configuration, tiki Virtualization Technology, sevu, toka. Imeisha hiyo.

Kosa la pili ni langu kabisa. Nikapakua Ubuntu 24.04 ya desktopu, faili linakaribia GB 6, bando la usiku lote likaishia humo, nikaipa RAM 4 nikijua nimeipendelea. Weee! Chrome iko wazi upande wa Windows, ukibonyeza menyu ya Ubuntu unaenda kuchota maji unarudi ndo inafunguka, na feni inalia kama mashine ya kusaga. Siku ya tatu nikaifuta.

Nikahamia Ubuntu Server. Haina madirisha, ni skrini nyeusi na maandishi, faili kama nusu ya lile la kwanza, nikaipa RAM 2, kori 2 na diski GB 25, hapo ndo nikaelewa kwa nini watu wanaisifia hii kitu. Inawaka fasta. Na wala siandikii mle ndani, kwenye NAT (VM inatumia mtandao kupitia Windows) nimeweka port forwarding, yaani mlango 2222 wa Windows unaenda mlango 22 wa Ubuntu, naingia na VS Code (programu ya kuandikia kodi) kwa SSH (njia ya kuingia mashine nyingine kwa amri), maisha yanaenda. Ila wakati wa kuinstoli tiki OpenSSH, ndo inayopokea hiyo SSH, mimi niliiruka nikabaki nashangaa kwa nini siingii.

Snapshoti (nakala ya hali ya VM unayoweza kuirudia) ndo utamu wenyewe. Juzi nilivuruga hifadhidata ya PostgreSQL ikawa haiwaki, nikarudisha snapshoti ya asubuhi, hata chai haijapoa. Umeme nao ukikatika betri langu lina dakika arobaini, nafunga kwa Save the machine state, ukirudi naendelea pale pale hadi na amri niliyokuwa naandika nusu.

Foda la kushea na Windows litakukatalia kama ndani ya Ubuntu hujajiweka kwenye kundi la watumiaji la vboxsf, ukishajiweka toka uingie tena. Na diski ya VM inanenepa yenyewe ila haikondi yenyewe, ukifuta mafaili ndani usitegemee nafasi irudi Windows hivi hivi.

Nyota nne kwa tano. Mwenye RAM 4 hela yake ikaongeze RAM kwanza, ndo aje huku.