Boda ya stima Nairobi: pesa inabaki, ila betri si yako

Nilihamia pikipiki ya stima baada ya petroli kupita shilingi 217 kwa lita, Oktoba 2023. Uber ilikuwa imeshaleta Electric Boda jijini tangu Agosti, nauli yake ikiwa chini kuliko ya boda ya kawaida, na wateja walikuwa wameanza kuichagua. Wenzangu wa steji huniuliza kila mara kama inalipa. Inalipa. Oili sinunui, na fundi wangu wa zamani ananiona nikipita tu.

Kubadilisha betri kwenye kituo cha kampuni si kazi. Unainua kiti, unachomoa iliyoisha (nzito hiyo, kiuno kitakwambia), unapachika iliyojaa, unaondoka. Ni dakika chache, kama hakuna foleni. Lakini jioni, wateja wakiita mfululizo kwenye programu, ndipo foleni inapojaa. Nimewahi kufika nikaambiwa zilizobaki zina chaji nusu: chukua au ngoja. Nilichukua, ningefanyaje?

Nguvu inayo. Ila panda Waiyaki Way kuelekea Kangemi, nyuma una mteja na furushi la mitumba kutoka Gikomba, uone asilimia zinavyoshuka macho yakitazama. Kitengela, huko nje ya jiji, siendi, hata nauli iwe tamu vipi. Halafu ule ukimya: mteja anaupenda, anaongea na simu bila kupayuka, lakini wapita njia wanakatiza mbele yako bila hata kugeuka. Honi haipumziki.

Kinachoniuma ni betri. Pikipiki naimiliki, betri ni ya kampuni. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, iliweka bei maalum ya stima ya vyombo hivi mwaka 2023, shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa ambazo matumizi yako chini. Mimi hiyo 8 naisikia redioni tu. Nalipa bei ya kampuni, na malipo yakichelewa betri inazimwa kutoka ofisini. Tena kampuni hufa. NopeaRide, teksi za stima zilizoanza hapa 2018, zilisimama 2022 kampuni mama huko Finland ilipofilisika.

Kama kazi yako ni katikati ya jiji, Westlands na Kilimani, chukua. Ila kabla ya kutia sahihi, uliza kama betri ya kampuni nyingine inaingia. Kwangu haiingii.