Daki sina ugomvi nayo, ila duka lile la Kariakoo sirudi tena

Naandika hii nikiwa bado na hasira. Nimeshapoa mara mbili, lakini nikikumbuka maneno ya yule kijana wa dukani napanda upya. Nilipanga kuandika neno moja tu, "msinunue", niishie hapo. Ingekuwa dhuluma kwa daki yenyewe, kile kifaa cha sauti nilichokinunua pale, kwa hiyo nieleze yote.

Mimi si mwanamuziki wala fundi. Ni msikilizaji. Baba aliniachia kanda na santuri za dansi na taarabu. Mbaraka Mwinshehe, yule mwanamuziki wa dansi, alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, mwaka 1979, nilikuwa darasa la kwanza, na nakumbuka nyumba yetu ilivyokaa kimya. Zile kanda nimezihamishia kwenye laptopu moja baada ya nyingine, kazi ya miaka. Amplifaya na spika ninazo za siku nyingi, nzuri tu. Kilichokuwa kikiniumiza ni tundu la hedifoni la ile laptopu: sauti inatoka imefifia, gitaa la pili na la tatu yamekuwa uji. Wanaojua wakanishauri ninunue daki (DAC), kale kasanduku kanakopokea namba kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza sauti nje kabisa ya ile kompyuta. Nikadunduliza hadi ikafika laki tatu na nusu.

Siku ya kununua niliingia dukani nikasalimu. Kijana hakuitikia, macho kwenye simu. Nikasema ninachotaka, akaishusha rafuni, akaiunganisha na spika zao kubwa, akafungulia Bongo Fleva sauti ya juu mpaka vioo vya kabati vikatetema. "Umesikia mzee? Hiyo ndiyo mashine." Niliomba aweke kitu cha polepole nisikie vizuri. Akaniambia kuna wateja wengine wanasubiri. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ningepaswa kugeuka pale pale niondoke, lakini hela nilikuwa nayo mfukoni na hamu ilikuwa imenizidi.

Jioni ile nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kochi, nikafungulia taarabu ya Unguja. Jamani. Ile kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi! Mpigaji huvaa vipande vidogo vidoleni vya kugongea nyuzi, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikia kile kipande kikigusa uzi, halafu ndipo noti ikatoka. Vitu viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mpiga fidla alivuta pumzi kabla ya kuingia. Nimeusikia wimbo ule tangu utotoni na sikuwahi kujua kwamba yule mtu anavuta pumzi pale. Nikamwita mama watoto atoke jikoni, akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Hakusema kitu. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Saa mbili hivi betri ya laptopu ikawa inakata. Nikachomeka chaja, nikaenda kuswali isha. Niliporudi, kwenye spika kulikuwa na mbu.

Sijui niuite nini mlio ule. Mwembamba, wa juu, hauishi. Nikisogeza mausi, unakwaruza. Nikifungua faili, unatetema. Muziki mkubwa ukipiga unafichika, lakini taarabu ina nafasi zake, mwimbaji anaponyamaza, na mbu yuko pale pale kwenye kimya kile, ndani ya kile nilichotoa laki tatu na nusu kukipata. Nilibadilisha waya za kwenda kwenye amplifaya. Nilihamisha meza. Nilizima feni, friji, hata taa. Siku kama tano hivi, au wiki, sikulala vizuri. Mtu asiyependa muziki ataona nakuza mambo. Aliyewahi kulisikia jambo hili haniulizi.

Nikarudi dukani na boksi langu na risiti. Kijana yule yule.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa hapo chini."

Nikamwambia sitaki hela, nataka ajue tatizo, pengine ana la kunisaidia. Nikamweleza kuhusu mlio. Akacheka, akamwangalia mwenzake. "Mzee, hiyo miziki yako ya zamani ndiyo ina makelele. Weka ngoma mpya uone."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Nina rekodi za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, sauti aliyokwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Zina mchakacho wa santuri kutoka mwanzo hadi mwisho, na mchakacho ule naujua kama ninavyoijua sauti ya mvua kwenye bati la nyumba yetu. Unaanza na wimbo, unakwisha na wimbo. Huu wa sasa ulikuwepo hata muziki ukisimama, hata nisipofungulia kitu. Nikamweleza hivyo hivyo, taratibu. Akaniuliza: "Kwani mzee una miaka mingapi? Masikio nayo huchoka."

Mbele za watu. Mtoto wa kumzaa.

Ningeondoka na aibu yangu, ila aliongeza jambo ambalo ndilo hasa linanifanya niandike. Aliniita nikiwa nimefika mlangoni: "Basi kata ile pini ya juu ya plagi ya amplifaya, mlio utakwisha." Pini ya juu ni ya ethi. Kwenye soketi zetu hizi za pini tatu ndiyo ndefu kuliko zote, ndiyo inayofungua vile vifuniko vya ndani, na ndiyo maana waliokwisha kuikata hulazimika kuchokonoa tundu na kalamu ili plagi iingie. Mwili wa amplifaya yangu ni chuma kitupu. Waya wenye moto ukilegea ndani ukagusa kile chuma, ethi ndiyo inayoupokea umeme na kukatisha fyuzi. Ukiiondoa, anayepokea ni atakayeshika kwanza. Nina mjukuu anayetambaa. Kila akija anakwenda moja kwa moja kwenye zile taa za amplifaya.

Sikujua hayo yote siku ile, kwa kweli. Nilikuwa nimeshafika nyumbani na kisu kiko mezani. Kilichonizuia ni kwamba nilitaka kwanza kumuuliza fundi redio mmoja wa huku Temeke, kijana mdogo tu, anakaa kwenye kibanda kilichojaa makasha ya TV na moshi wa risasi ya kuchomelea.

"Shikamoo mzee wangu. Karibu, kaa hapo."

Alizima chuma chake cha kuchomelea kwanza. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Halafu akauliza swali moja: "Ukichomoa chaja ya laptopu, mlio unabaki?"

Nilishindwa kujibu. Ule usiku wa kwanza wote ukanirudia, kanuni, pumzi ya yule mpiga fidla, chote kile nilikisikia laptopu ikiwa kwenye betri. Nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, nikachomoa. Mbu kimya. Nikachomeka, karudi.

Fundi alikuja jioni akanieleza. Chaja ina ethi, amplifaya ina ethi, na waya wa sauti unaziunganisha zote mbili kupitia ile daki. Umeme umepata njia ya kuzunguka, na uchafu wa chaja unapita humo humo unamopita muziki. Daki haina kosa hata kidogo. Kwanza alichomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja badala ya soketi mbili za kuta tofauti, mlio ukapungua zaidi ya nusu. Kisha akaniambia nitafute waya wa mwanga, ule wa plastiki wenye taa nyekundu kwenye ncha, kwa sababu mwanga haubebi umeme na mzunguko unakatika hapo. Laptopu yangu haina tundu lake ila TV inalo, na TV inasoma flashi, kwa hiyo nyimbo zinatoka kwenye TV kwenda kwenye daki. Waya ni elfu kumi na tano. Nilimpa fundi elfu ishirini, akanirudishia kumi.

Sasa natumia hivyo. Si kamili. Rekodi zangu ziko kwenye kipimo cha sidii, namba 44,100 za sauti kwa kila sekunde, na TV nyingi hutoa 48,000, maana yake kuna ugeuzaji wa namba unafanyika njiani nisiouomba. Sijasikia tofauti, lakini moyo haujatulia. Nikitaka kusikiliza kwa dhati narudi kwenye laptopu, naichaji mchana, usiku naitumia kwa betri.

Kwa hiyo daki nunueni. Naifuta ile "msinunue". Sijawahi kutoa fedha kwenye kitu cha muziki nikaridhika hivi. Na duka? Kuna wakati najiambia yule kijana hakujua, kauza simu na chaja maisha yake yote, kaletewa daki wiki hiyo, tumsamehe. Ningemsamehe kutojua. Angesema "mzee sijui, ngoja nimuulize mtu" ningesubiri hata siku mbili. Lakini kumwambia mtu akate ethi nyumbani kwake huku unacheka, hapana. Hilo nimelikataa jana, na leo nalikataa.

Ukienda kununua, duka lolote, beba laptopu yako na chaja yake, na wimbo mmoja wenye kimya ndani. Waambie wachomeke chaja yako na amplifaya yao ukutani, kisha wasimamishe muziki na wewe usikilize. Wakikwambia kuna wateja wanasubiri, geuka nyuma utazame.