Penseli tatu za kuandikia: Castell 9000, Hi-uni na Blackwing 602

Watu wengi huiacha penseli mara tu wanaporuhusiwa kutumia kalamu ya wino, na wanachokikumbuka ni ncha iliyokatikia ndani ya kichongeo na maandishi ya kijivu yasiyosomeka vizuri. Nimekuwa nikiandika kila siku kwa penseli tatu za daraja la juu, na naweza kusema bila kusita kwamba penseli nzuri ni miongoni mwa vyombo vinavyopendeza zaidi kuandikia.

Siri yake imo katika kiini. Mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alipata hataza ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi, kisha kuuchoma mchanganyiko huo tanuruni, na hadi leo ugumu wa penseli hutokana na uwiano wa vitu hivyo viwili: udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na mstari wake hafifu, nazo ndizo penseli za H, grafiti ikizidi, kiini huwa laini na cheusi, nazo ndizo za B. Katika penseli duni unga haukusagwa vya kutosha, kwa hiyo chembe ngumu hukwaruza karatasi na mwandishi hulazimika kugandamiza ili herufi zionekane. Kiini kizuri, kilichosagwa sana na kuloweshwa nta, huteleza kwa uzito wa mkono wenyewe. Vidole hulegea, kiganja hakichoki hata baada ya kurasa nyingi, na mstari hunenepa au hukonda kadiri mkono unavyotaka, jambo ambalo kalamu ya kawaida ya wino haiwezi kulifanya.

Castell 9000 ya Faber-Castell, yenye rangi ya kijani iliyokolea, imekuwapo tangu mwaka 1905. Hupatikana katika viwango 16, kuanzia 6H, iliyo ngumu zaidi, hadi 8B, iliyo laini zaidi. Hii ndiyo kavu kuliko zote tatu. Mtu huihisi karatasi chini ya ncha, na ncha yenyewe hudumu muda mrefu kabla ya kuhitaji kuchongwa. HB yake, yaani ile ya katikati ya H na B, naiona hafifu kwa maandishi ya kawaida, lakini 2B ina weusi wa kutosha na bado ni imara.

Hi-uni ya Mitsubishi Pencil, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, ndiyo niliyoipenda zaidi. (Kampuni hii ya Japani haina uhusiano na ile inayotengeneza magari, ingawa zote mbili hutumia alama ya almasi tatu.) Sijawahi kukutana na kiini kinachoteleza namna hii bila kupoteza ncha yake haraka, HB yake ina weusi unaokaribia 2B ya Castell, na mistari hutoka sawasawa bila madoa wala mikwaruzo. Mti wake ni mwerezi, ambao nyuzi zake zilizonyooka hufanya maganda yatoke kwa utepe mmoja mrefu, na kiini kiko katikati kabisa, hivyo kichongeo hakiachi upande mmoja ukiwa na mti na mwingine ukiwa wazi.

Blackwing 602 ina historia inayovutia: ilizaliwa Marekani katika miaka ya 1930 kwa Eberhard Faber, ikaacha kutengenezwa mwaka 1998, kisha kampuni nyingine ikaifufua. Kibati chake bapa chenye kifutio kinachoweza kubadilishwa ni kizuri kwa macho, ila huipa penseli uzito upande wa nyuma, na kifutio chenyewe hakifuti vizuri. Kiini ni laini mno na kinafaa kwa rasimu zinazoandikwa kwa kasi, lakini huisha upesi, na kwa bei yake, ambayo ni mara kadhaa ya bei ya penseli ya kawaida, nilitarajia zaidi.

Kichongeo nacho kisidharauliwe, kwa kuwa wembe butu huvunja hata kiini bora, na kile kinachotoa ncha ndefu ndicho kinachofaa kwa kuandika. Anayeandika kwa mkono wa kushoto, ambaye kiganja chake hupita juu ya maneno aliyokwisha kuyaandika, nampendekezea Castell ya HB au F (ngumu kidogo kuliko HB), kwa sababu grafiti laini ya Hi-uni na Blackwing huchafua ukurasa kwa urahisi.