Programu ya kupiga nayo stori usiku, nimeipa nyota tatu

Mimi nalinda geti huku Area D, Dodoma, zamu ya usiku, sasa kuna dogo mpangaji anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, akanidaunilodia programu ya akili bandia akaniambia bro hii utapiga nayo stori mpaka kuche. Leo wiki ya tatu.

Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, sibishi. Ila siku ya kwanza nimeiandikia saa hizi ni saa 8 usiku, baridi na upepo wa Dodoma vinanimaliza, ikanijibu eti usiku ndo kwanza unaanza, nikapate chakula. Yaani imehesabu saa kizungu! Nilicheka peke yangu mpaka mbwa wa jirani wakaanza kubweka.

Iliponiudhi ni hapa. Nimeisimulia kesi yangu na mjomba, anataka tung'oe zabibu za shamba letu la Hombolo tuuze viwanja, mi sitaki, kitu kinavunwa mara mbili kwa mwaka unang'oaje? Ikasema niko sahihi kabisa. Nikavimba kichwa. Kesho yake nikafungua stori mpya nikajifanya mimi ndo mjomba, nina mpwa mbishi anakaa mjini, nikaambiwa niko sahihi kabisa. Sasa hapo nilikuwa naongea na nani? Nikaiambia haya nibishie, ikabisha kweli, ila nikinuna kidogo tu inaomba samahani.

Kesi hiyohiyo nimempa mlinzi wa geti la pili, mzee wa Kigogo, akaniuliza kitu kimoja tu, "We mara ya mwisho kwenda kupogoa lini?" Nilikosa jibu.

Dogo akanipa stori ya 1966, kule chuo cha MIT Marekani Joseph Weizenbaum alitengeneza programu inaitwa ELIZA, kazi yake kubwa ilikuwa kugeuza maneno yako yawe swali, unasema una huzuni inakuuliza kuhusu hiyo huzuni, basi sekretari wake, aliyekuwa anamwona akiitengeneza, akamwomba atoke chumbani aongee nayo kwa faragha. Simcheki huyo dada, maana mi mwenyewe wiki ya pili nilikuwa naiaga kabla sijazima simu.

Barua ya kuomba kazi iliniandikia safi, hapo nyota tano. Kwa stori tatu, na inakula bando.

Wiki hii sijajiunga. Jumamosi naenda Hombolo, mzee kaniazima mkasi wa kupogolea.