Kitalu nyumba kipi kinalipa kwenye shamba dogo?

Muuzaji wa kitalu nyumba, yaani banda la plastiki au wavu la kukuzia mboga, atakutajia bei ya banda zima. Wewe itafute gharama ya mwaka: gawa bei ya fremu na ya plastiki, kila moja kwa miaka itakayodumu, kisha ongeza mbegu, mbolea, dawa, maji na vibarua. Banda la mita 8 kwa 30 hubeba miche 500 hivi ya nyanya za aina inayorefuka. Ukiahidiwa kilo 15 kwa mche, hesabu 8. Hizo ni kilo 4,000 kwa zao moja. Gawa gharama ya mwaka kwa kilo za mazao yote ya mwaka huo, ulinganishe na bei ya nyanya wakati kila mtu anavuna. Ikiwa gharama imezidi bei hiyo, faida yako yote itategemea kuvuna wakati nyanya zimeadimika.

Chaguo langu la kwanza ni fremu ya mabomba ya chuma yenye zinki, iliyofungwa kwa bolti. Ni ghali, ila ikitunzwa hudumu miaka 15 na zaidi. Naiweka juu hasa kwa sababu ya mnyauko bakteria. Ugonjwa huu hauna dawa, vimelea vyake hukaa udongoni miaka mingi, na kurudia nyanya, hoho au biringanya mahali pamoja huvizidisha. Fremu ya bolti utaifungua uihamishie kwenye udongo safi. Iliyochomelewa itabaki palepale, na deni lake pia.

Ya pili ni ya mbao. Nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa zinafaa kabisa kwa anayeanza, hasa kama chuma kingemlazimu kukopa kwa riba. Laini kingo zote, maana mbao zenye makali huchana plastiki.

Banda la wavu mtupu ni la tatu. Linafaa sehemu kavu, kwa mboga za majani na hoho. Mvua hupita, na majani ya nyanya yakilowa kila siku ukungu haukawii. Wavu wa matundu madogo ya kuzuia inzi weupe hupunguza hewa pia, kwa hiyo usiuweke kwenye banda fupi.

Polikaboneti na kioo viache. Mboga za shamba dogo hazirudishi pesa hiyo.

Fremu yoyote utakayochukua, usibane matumizi kwenye plastiki. Dai yenye unene wa mikroni 200 na kinga ya mionzi ya jua, na dhamana ya miaka 3 kwa maandishi; ya kawaida ya ujenzi huweza kupasuka ndani ya msimu mmoja. Dai pia tundu la hewa juu ya paa. Joto likipita nyuzi 35, chavua ya nyanya huharibika na maua hupukutika.

Kabla ya kulipa hata malipo ya awali, tafuta nyanya au biringanya iliyonyauka hapo unapotaka kujenga. Kata shina karibu na ardhi, ulining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria; usijenge hapo.